Mwenye Sururu Ndiye wa Mwisho Kuambiwa

*Chini ya barabara za Kisumu kumefukiwa mabomba ya maji safi na maji taka, nyaya za stima na za intaneti, na ukingoni mwa jiji yako mabomba ya mafuta. Anayechimba huonyeshwa urefu wa mtaro tu.*

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, kwenye barabara ya vumbi inayotoka Kondele kuingia Manyatta. Vijana wanne walikuwa wakichimba mtaro wa kupitishia nyaya za intaneti. Mmoja wao, aliyevaa jezi ya Gor Mahia iliyopauka mabegani, alipiga sururu mara tatu mahali pamoja maana ardhi ilikuwa ngumu. Alipopiga mara ya nne, maji yaliruka yakapita kichwa chake.

Yalifika hadi kwenye kibanda cha mama wa mandazi. Unga alioukanda alfajiri ukageuka uji. Watoto wakaja wakishangilia, kina mama wakaja na mitungi ya lita 20, na mwenye sururu akabaki ameziba tundu kwa kiganja huku maji yakimpitia katikati ya vidole. Nyapara wao alikuwa na simu mkononi, lakini hakujua ampigie nani.

Baada ya robo saa akaja mzee mmoja wa mtaa, fundi wa mabomba, begani amebeba ufunguo mrefu wa chuma wenye umbo la herufi T. Hakuwa na ramani wala karatasi. Alisimama penye kona ya ukuta wa kanisa, akahesabu hatua kumi na mbili kuelekea mwarubaini, akakata kushoto, kisha akafagia takataka kwa ubavu wa kiatu. Palikuwa na kifuniko cha chuma. Akakifunua, akatia ufunguo, akazungusha polepole. Maji yakanywea.

"Mzee, si ungetuambia kuna paipu hapa," kijana akamwambia, akikamua jezi yake.

"Mngeniuliza, wanangu," mzee akajibu, akaanza kutafuta kipande cha bomba cha kuunganishia.

Majibizano hayo hayajanitoka akilini. Kijana yule hakuwa mzembe. Alikuwa ameambiwa urefu wa mtaro, kina chake na malipo yake kwa kila mita. Hakuna aliyemwambia kilichokuwa chini ya miguu yake. Nyaya zilikuwa na mwenyewe, bomba lilikuwa na mwenyewe, barabara nayo ilikuwa na mwenyewe, na wenye mali hao hawakuwa wamekutana mpaka sururu ilipowakutanisha.

Kila kizazi kimefukia chake

Reli ilifika kwenye ufuo huu wa Ziwa Victoria Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence. Miaka 100 baadaye, 2001, Kisumu ikatangazwa kuwa jiji. Katikati ya miaka hiyo kila kizazi kimefukia mali yake na kusawazisha udongo juu yake.

Maji ya jiji hutoka hasa kwenye mitambo miwili. Ule wa Dunga huvuta maji ya ziwa, na ule wa Kajulu hutumia maji ya Mto Kibos. Kutoka huko, kampuni ya maji ya KIWASCO huyasambaza mitaani. Yakishatumika, sehemu yake hurudi kwa mabomba mengine, makubwa zaidi na ya chini zaidi, hadi kwenye mtambo wa Kisat au mabwawa ya kusafishia maji taka ya Nyalenda.

Stima tumezoea kuiona juu ya nguzo, na mazoea hayo hutudanganya. Palipojaa majengo, kebo hupita chini. Nyingine hubeba volti 415 kwenda kwenye duka au hoteli, nyingine volti 11,000 kwenda kwenye transfoma. Mtu aliyesimama juu yake hana dalili yoyote ya kumwonya.

Nyaya za intaneti ndizo zilizochelewa kuingia na ndizo zinazochimbiwa zaidi leo. Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilipotua Mombasa, kampuni za mawasiliano zilianza mbio za kuifikisha huduma hiyo bara, hadi ziwani na mpakani mwa Uganda. Serikali nayo ikajenga mkongo wake wa taifa. Utawala ulioingia madarakani 2022 uliahidi kilomita 100,000 za nyaya hizo nchini. Sehemu itapita juu ya nguzo, na iliyobaki itahitaji mitaro.

Kisha yako mafuta. Tawi la bomba la Kenya Pipeline kutoka Sinendet hadi Kisumu, lenye urefu wa karibu kilomita 121, lilianza kazi 1994. Bomba la pili la inchi 10 lilikuja kulazwa sambamba nalo, na 2018 gati la mafuta likakamilika ufuoni ili meli ziweze kubeba shehena kwenda Uganda. Mafuta ya nchi jirani yanapita chini ya ardhi ambayo juu yake mtu anapalilia mahindi.

Ongeza ujenzi wa kila siku. Kabla ya mkutano wa Africities uliofanyika Kisumu Mei 17 hadi 21, 2022, barabara za katikati ya jiji zilifumuliwa ili kupata njia za waenda kwa miguu na mitaro mipya ya maji ya mvua. Jiji likapendeza. Lakini kila uzuri unaojengwa juu ya ardhi huanza kwa kuchokoza yaliyo chini.

> *Wenye mali hao hawakuwa wamekutana mpaka sururu ilipowakutanisha.*

Ramani iliyo kichwani mwa mzee

Si kweli kwamba ramani hazipo. Kila kampuni ina zake, nyingine kwenye kompyuta, nyingine kwenye makaratasi yaliyokunjwa hadi mikunjo ikachanika. Shida ni kwamba mchoro mwingi wa zamani unaonyesha kilichokusudiwa kujengwa. Mkandarasi alipokutana na jiwe alikwepa, akafukia, akaenda zake. Karatasi ikabaki na mstari ulionyooka.

Hata mchoro ulio sahihi huchakaa. Barabara ikimwagiwa kifusi na kuinuliwa, bomba lililokuwa mita moja chini huwa mita moja na nusu. Ikikwanguliwa na greda kila baada ya mvua, bomba hilohilo hubaki viganja viwili kutoka juu. Mti uliokuwa alama hukatwa, na kibanda kilichokuwa kona huhamishwa.

Ziwa nalo hufuta alama. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kufikia kiwango kilichokuwa hakijawahi kurekodiwa hadi wakati huo. Bichi, mashamba na nyumba za ufuoni zikafunikwa. Maji ya namna hiyo yakirudi, huacha tope juu ya kila kifuniko cha valvu na kila kigingi.

Kwenye mitaa ya mabanda hali ina sura yake. Huko Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani, kwa miaka mingi kila mteja alijivutia bomba lake jembamba kutoka mbali, yakafumana mitaroni kama tambi. KIWASCO ilipoanzisha mpango wa kuwakabidhi wenyeji usimamizi wa mabomba ya mitaani, kampuni ikiuza maji kwa jumla na kikundi cha mtaa kikiwafikishia wateja, utaratibu ulipatikana. Lakini maana yake ni kwamba anayejua bomba limepita wapi ni msimamizi wa mtaa na fundi wake. Mgeni akienda ofisini mjini tu, amepata nusu ya habari.

Udongo wenyewe haukubali kusomwa kirahisi. Upande wa Manyatta mwamba uko karibu, na penye mwamba bomba hulazwa juujuu kwa sababu hakuna aliyelipwa kuuvunja. Upande wa Nyalenda na kuelekea nyanda za Kano kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Udongo huo husukuma mabomba na kufungua viungo vyake. Hata rada ya kupimia chini ya ardhi, chombo kinachosifiwa sana kwingineko, huona karibu tu kwenye udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, maana udongo huo humeza mawimbi yake.

Kiko chombo kingine, cha kubebwa mkononi, kinacholia kikipita juu ya kebo yenye stima au bomba la chuma. Ni chombo kizuri, lakini bomba la plastiki hakilisikii hata kidogo, isipokuwa aliyelilaza alikumbuka kufunga waya mwembamba wa shaba kando yake. Mabomba mapya karibu yote ni ya plastiki. Chombo kikinyamaza, mchimbaji asidhani amepewa ruhusa.

Wanaovutana

Ukiwauliza wakandarasi, watakwambia wamefanya walilotakiwa. Mikataba mikubwa ya barabara huwa na fungu la kuhamisha mabomba na nyaya. Barua huandikwa na nakala hutumwa. Majibu huchelewa, na kila siku tingatinga linapolala, kodi yake inaendelea kuhesabiwa. Mwishowe huamua kuchimba, na kikikatika kitu watalipia. Wanaona ni nafuu kulipa tundu moja kuliko kungoja wiki tatu.

Kampuni zenye mali chini ya ardhi nazo zina malalamiko yao. Wachimbaji huja bila taarifa, hasa wale wa kazi ndogo ndogo kama mwenye nyumba anayejivutia maji, jirani anayechimba choo au fundi wa geti. Hao hawana barua wala kibali. Mara nyingi kampuni hupata habari wakati simu za wateja waliokatikiwa na huduma zimeanza kumiminika.

Kampuni hizo zina hofu nyingine ambayo haifai kupuuzwa. Zinaogopa kuzianika ramani zao kwa sababu ya wezi. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya stima na miundombinu mingine. Anayejua kebo ya shaba au bomba la mafuta lilipo anaweza kuwa fundi, na anaweza pia kuwa mwizi.

Serikali ya kaunti iko katikati. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya maji, usafi na barabara zake, huku sera ya nishati na barabara kuu zikibaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo shimo moja la mita mbili linaweza kuangukia mikononi mwa jiji, mamlaka ya barabara, KIWASCO, kampuni ya stima ya Kenya Power na kampuni mbili za intaneti. Kila mmoja ana kibali chake na ada yake. Inawezekana kulipa ada zote hizo na bado usioneshwe mstari mmoja.

Na kuna kibarua. Yeye hulipwa kwa mita. Akisimama kuuliza, hapati kitu. Akikuta utepe wa plastiki wenye maandishi ya onyo, ule unaolazwa kama sentimita 30 juu ya kebo, huenda hajawahi kufundishwa maana yake. Huuchana na kuendelea. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri jukumu la kuwalinda walio kazini kwake. Kwa mtu anayechimba, ulinzi wa kwanza ni kumwambia kilicho chini.

> *Chombo kikinyamaza, mchimbaji asidhani amepewa ruhusa.*

Bei ya tundu moja

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yanayokatwa mara nyingi na kuchukuliwa wepesi. Bomba likitoboka tunahesabu maji yaliyotoka na kusahau yanayoingia. Valvu ikifungwa, presha hushuka, na bomba linaloshuka presha hunyonya. Kama mtaro umejaa maji machafu, au bomba la maji taka limepasuka karibu, uchafu huo huingia ndani. Siku ya pili bomba hufunguliwa na uchafu huo hufika kwenye kikombe cha mtoto.

Ndiyo sababu fundi makini huukausha mtaro kabla ya kuunga, huacha maji ya kwanza yamwagike, na hutia klorini pale uchafu ulipoingia. Kisumu haina anasa ya kulipuuza hili. Eneo la Nyanza limekumbwa na kipindupindu mara nyingi, na kila mama wa mtaa wa mabanda anakumbuka mwaka wake.

Maji yakikatika, watu hawaachi kunywa. Hurudi kwenye visima vifupi. Watafiti waliovifuatilia visima vya Manyatta na Migosi kwa miaka kadhaa wamevikuta vikiwa na vijidudu vya kinyesi, maana vyoo vya shimo viko jirani navyo. Kukata bomba kwa siku tatu ni kuwapeleka watu kwenye visima hivyo kwa siku tatu.

Kuna pia gharama ambayo sote tunaibeba bila kuulizwa. Ripoti za WASREB, mdhibiti wa huduma za maji, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa nchini hayalipiwi. Sehemu huibwa, sehemu hupotea kwenye mita mbovu, sehemu huvuja ardhini. Bomba lililochubuliwa na kufukiwa kimyakimya huingia kwenye hesabu hiyo.

Stima haitoi nafasi ya kujifunza. Ncha ya sururu ikipenya ganda la kebo, umeme hauhitaji kumpitia mtu mwilini ili umwangamize. Hupasuka kwa mwako wenye joto linaloyeyusha chuma na kuchoma uso, macho na mikono. Kebo iliyojeruhiwa inaweza kunyamaza kama iliyokufa na bado ikawa na moto.

Intaneti ikikatika watu husema ni picha za video tu. Wasemao hivyo hawajasimama kwenye foleni ya zahanati ambayo mfumo wake wa malipo umezimika, wala kwenye duka la wakala wa M-Pesa siku ya mshahara.

Jeraha lililokaa miaka mitano

Mafuta ndiyo yanayonitia hofu zaidi, na kisa kinachonifundisha kilitokea mbali. Mwaka 1994 mjini Bellingham, jimbo la Washington nchini Marekani, palikuwa na ujenzi kwenye mtambo wa kusafishia maji. Mashine ya kuchimba iligusa bomba la mafuta lililopita hapo. Bomba lilikwaruzwa na kubonyea, ila halikutoboka. Kazi ikaendelea na udongo ukarudishiwa.

Juni 10, 1999, presha ilipanda ndani ya bomba hilo na likapasuka penye majeraha yaleyale. Karibu lita 900,000 za petroli ziliingia kwenye kijito kinachopita mjini, kisha zikawaka. Walikufa watu watatu: wavulana wawili wa miaka 10 waliokuwa wakicheza, na kijana wa miaka 18 aliyekuwa akivua samaki.

Nimekitafakari kisa hicho nikiwa ufuoni Dunga, nikiwatazama watoto wakivua kwa ndoano. Aliyelikwaruza bomba lile alikuwa akifanya kazi njema ya kuwapatia watu maji. Kilichoua ni bomba kuachwa na jeraha lisilotibiwa. Anayegonga kitu na kufukia bila kusema hajui amemwekea nani msiba, wala utalipuka mwaka gani.

Nasi Kenya tunajua mafuta yakitoka hufanya nini. Septemba 12, 2011, katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yaliingia kwenye mtaro wa maji ya mvua. Wakazi walikuja kuyateka. Moto ukazuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Chanzo cha uvujaji ule hakikuwa sururu, lakini ulituonyesha jinsi njia ilivyo fupi kutoka kwenye bomba hadi mlangoni mwa mtu.

Wenzetu walifanyaje

Nchi zilizopunguza ajali hizi hazikungoja kwanza ramani kamilifu. Zilianza kwa kuweka mahali pamoja pa kuuliza. Marekani ilizindua namba 811 mwaka 2007. Anayetaka kuchimba, awe mkandarasi mkubwa au mzee anayepanda mti uani, hupiga namba hiyo siku chache kabla. Wenye mabomba na nyaya hutumwa kuja kupiga rangi juu ya ardhi: nyekundu kwa stima, buluu kwa maji ya kunywa, kijani kwa maji taka, manjano kwa gesi na mafuta, chungwa kwa mawasiliano. Hata asiyejua kusoma anaelewa rangi.

Uholanzi ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya 2008 ilimlazimisha kila anayechimba kwa mashine kuomba taarifa kwenye ofisi ya taifa ya usajili wa ardhi, na ikamlazimisha kila mwenye mali ya chini ya ardhi kuzitoa. Hapo ndipo hofu ya wezi inapopatiwa jibu. Ramani haibandikwi ukutani kila mtu aione. Mwombaji hupewa kipande cha mahali anapochimba tu, na jina lake hubaki kwenye kumbukumbu. Mwizi haombi kwa jina lake.

Hakuna kati ya haya linaloishinda kaunti yenye watu 1,155,574 kwa sensa ya 2019, ambako karibu kila fundi ana simu mfukoni.

> *Anayegonga kitu na kufukia bila kusema hajui amemwekea nani msiba, wala utalipuka mwaka gani.*

Ukiwa na mtaro wa kuchimba

Msomaji anayejenga au anayevuta maji asingoje sheria. Yapo ya kufanya wiki hii.

*Uliza kwanza.* Nenda kwa kampuni ya maji na ya stima siku kadhaa kabla ya kazi. Kwenye mitaa inayosimamiwa na vikundi, mtafute msimamizi wa maji wa mtaa na fundi wake. Waombe waje kwenye eneo lenyewe, na uweke alama kwa chokaa au vigingi.

*Tazama juu ya ardhi.* Kifuniko cha chuma, mita, kebo inayoshuka nguzoni na kuingia ardhini, kigingi chenye maandishi, majani mabichi wakati wa kiangazi: vyote hivyo vinasema.

*Fungua shimo la majaribio.* Penye alama, chimba kishimo kwa mkono, ukikata mkabala na njia ya bomba, mpaka ulione kwa macho. Mwongozo wa usalama wa Uingereza unataka vyombo vya mashine visitumike ndani ya nusu mita ya mahali kebo inapodhaniwa kupita. Sururu na mtaimbo navyo viwekwe kando hapo. Beleshi lisilo na ncha kali ndilo chombo cha kukaribia.

*Ukiona utepe, kigae au mchanga uliochekechwa, simama.* Udongo wa mahali hapo haukuumbwa hivyo. Kuna mtu aliulaza juu ya kitu.

*Ukigonga, sema.* Kwa stima, ondoka na uwazuie wengine, usiguse chombo kilichonasa, na piga simu Kenya Power, 97771. Dereva wa tingatinga lililogusa kebo abaki ndani mpaka umeme ukatwe. Kwa mafuta, zima injini na sigara, ondoeni watu kuelekea upepo unakotoka, na asije mtu na mtungi. Kwa mkwaruzo mdogo usiovuja, mwite mwenye bomba alitazame kabla hujalifukia.

Jiji lianze na wazee wake

Nimefikia uamuzi wangu, na nausema wazi. Lawama ya bomba lililokatika haimstahili anayeshika sururu. Inamstahili aliyemtuma bila kumwambia, na aliyekaa na ramani bila kuitoa.

Kisumu inahitaji dawati moja kwenye ofisi za jiji na namba moja ya simu ambayo nyapara anaweza kuikariri. Kibali cha kuchimba kisitolewe bila karatasi yenye saini za wenye mabomba na nyaya wote, nao wapewe siku maalumu za kujibu. Asiyejibu abebe hasara yake. Kila mkandarasi anayefukia kitu kipya alete vipimo vya mahali alipokifukia kabla ya kulipwa senti ya mwisho. Na mikataba iwe na fungu la mashimo ya majaribio, ili kibarua alipwe kwa kusimama na kutazama, kama anavyolipwa kwa kuchimba.

Kabla ya yote hayo, jiji liwatume vijana wenye simu zenye GPS watembee na mafundi wazee wa Manyatta, Nyalenda, Obunga, Kaloleni na Milimani. Kila mzee anapohesabu hatua zake kumi na mbili, kijana aandike. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa nje, ila haiwezi kungoja, kwa sababu mafundi hao wanastaafu, wanahama, na wanakufa. Siku mzee yule wa ufunguo wa T akiondoka, valvu ya chini ya mwarubaini itakuwa imezikwa pamoja naye.

Siku ile maji yalirudi Manyatta jioni, yakiwa mekundu kwa udongo. Mama wa mandazi alimwaga ndoo mbili za kwanza, akanunua unga mwingine kwa pesa zake. Hakuna aliyemlipa.

Nawe, ukiona kesho vijana wakipanga sururu na mabeleshi kando ya barabara ya mtaa wenu, usipite kimya. Waulize kama kuna mtu amewaonyesha bomba lilipo. Kama hakuna, mwite anayejua kabla hawajaanza.